Wafu wa vita ambao risasi haikuwagusa

Tangu Goma, mji wetu wa mashariki ya Kongo, ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kuna neno linalorudiwa katika mitaa yake ya Birere, Ndosho na Himbi, na kwenye magrupu ya WhatsApp ya Wagoma waliokimbilia Kinshasa na Kampala: kama Leta (serikali) ingenunua silaha za kutosha mapema, tusingefika hapa. Anayeuliza makuta (pesa) ya jeshi yalikwenda wapi, au anayesema bajeti ya afya isiguswe hata wakati wa vita, anaambiwa hajui vita, au anamtumikia adui. Upande wa silaha una hoja nzito na nitaanza nao. Lakini ni ule mwingine, unaoitwa upande wa waoga, ambao naona haujasikilizwa, hasa hesabu yake ya wafu.

Nchi isiyo na jeshi ni mali ya kila mwenye bunduki. Hapa Kivu hakuna anayehitaji kufundishwa hilo. Mwaka 1991 askari ambao mishahara yao haikuwa na thamani tena walipora Kinshasa, kisha Lubumbashi, na uchumi wa miji ile haukuinuka kwa miaka mingi. Goma ilitekwa Novemba 2012, ikatekwa tena 2025. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi ya wakimbizi ya Mugunga, karibu na Goma, juu ya watu waliokuwa tayari wamekimbia vita mara ya kwanza au ya pili. Hakuna kituo cha afya kinachozuia bomu.

Tena wanaolalamika kwamba Kongo inatumia mno kwa jeshi mara nyingi hawatazami ukubwa wa kiasi chenyewe. Kwa hesabu ya SIPRI, taasisi ya utafiti ya Stockholm, mwaka 2023 matumizi ya kijeshi ya Kongo yalipanda kwa asilimia 105, ongezeko kubwa kuliko la nchi nyingine yoyote duniani mwaka ule, yakafika dola milioni 794. Ukizigawa kwa watu wapatao milioni 100, kila mmoja anapata chini ya dola 8. MONUSCO, kikosi cha walinda amani wa Umoja wa Mataifa, peke yake ilikuwa ikigharimu karibu dola bilioni 1 kwa mwaka. Anayesema kwamba nchi kubwa hivi haiwezi kulindwa kwa dola 8 kwa kichwa hasemi upuuzi.

Tatizo langu ni kinachofuata. Mwaka wa ongezeko hilo ulipita, miezi 13 baadaye mji ukaanguka. Katika wiki ile ile, wapiganaji wa kukodiwa karibu 300, wengi wao Waromania, walijisalimisha, wakavushwa mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, na kupanda mabasi. Mikataba iliyoonwa na BBC ilionyesha malipo ya karibu dola 5,000 kwa mwezi kwa wenye vyeo kati yao. Askari wa Kongo aliyekuwa mstari wa mbele karibu nao alikuwa akipata dola 100 hivi, zikifika. Mke wake alikuwa Kambi Katindo, kambi ya askari mjini Goma, akiuza makala ili watoto wale. Rais alipotangaza Machi 2025 kwamba mishahara ya askari na polisi itaongezwa mara mbili, nilifurahi, na bado naona ni uamuzi wa haki. Ila ulikuja baada ya Goma na Bukavu kwenda. Kwa hiyo swali la makuta yalitumika kwa nini ni swali la ulinzi wenyewe, na anayeliuliza hastahili kuitwa msaliti.

Sasa nije kwenye hesabu ya wafu, kwa sababu ndiyo inayonisumbua zaidi.

Kati ya 2000 na 2007 shirika la misaada la IRC (International Rescue Committee) lilifanya tafiti tano za vifo nchini. Wachunguzi walikwenda nyumba kwa nyumba na kuuliza: nani amefariki hapa, lini, kwa nini? Utafiti wa mwisho uligusa familia 14,000 katika zoni 35 za afya, yaani maeneo ambayo huduma za afya za nchi zimegawanywa. Jumla waliyoitoa imekuwa maarufu: watu milioni 5.4 waliokufa zaidi ya wale ambao wangekufa kwa kawaida, kuanzia Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Idadi hii tunaitaja kwenye mikutano, makanisani, mbele ya wageni. Lakini karibu kila anayeitaja anaitaja kana kwamba ni milioni 5.4 ya watu waliopigwa risasi au kukatwa panga. Sivyo utafiti ulivyosema. Katika kipindi cha utafiti ule wa mwisho, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na ukatili vilikuwa asilimia 0.4. Wengi wa waliobaki walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia, utapiamlo na matatizo ya watoto wachanga. Watoto chini ya miaka mitano walikuwa asilimia 19 ya watu na karibu nusu ya maiti.

Wapo waliopinga hesabu hii, na upinzani wao si wa kudharau. Watafiti wa Kanada waliotoa Ripoti ya Usalama wa Binadamu walisema IRC ilianza na kiwango cha chini mno cha vifo vya kawaida. Ili kujua vita imeua wangapi, lazima kwanza ujue wangapi wangekufa bila vita, na Kongo ya miaka ya mwisho ya Mobutu ilikuwa tayari na hospitali zisizo na dawa wala shuka. Walipoweka kiwango kingine, idadi ya miaka ya 2001 hadi 2007 ilishuka kutoka milioni 2.8 hadi chini ya milioni 1. Wataalamu wa takwimu kutoka Ubelgiji walishuka chini zaidi ya hapo.

Nimelifikiria jambo hili sana, na naona ugomvi wa jumla hauondoi kiini. Ni kweli mtu anaweza kusema: malaria na kuhara huua katika kila nchi maskini, vita inahusikaje? Jibu limo katika utafiti wa 2004 uliochapishwa baadaye na jarida la kitabibu la Lancet. Zoni za afya zilizoripoti ukatili zilikuwa na vifo vingi zaidi vya magonjwa, na waandishi walikadiria kwamba ukiondoa athari ya ukatili mashariki, vifo vyote vingerudi karibu na kawaida. Mfano wao ulikuwa Kisangani: majeshi ya kigeni yalipoondoka na walinda amani kuingia, vifo mjini vilishuka kwa zaidi ya nusu. Wapenzi wa silaha wanaweza kuushika mfano huu na kusema, mnaona, ni askari waliookoa watu. Nakubali, na siutaki uwe mfano wa upande mmoja. Lakini askari waliosimama Kisangani waliokoa watu kwa kuacha barabara wazi na dawa zipite. Mbu hawakufukuzwa na kifaru.

Tutazame Goma yenyewe. Mapigano ndani ya mji yalidumu siku chache. Umoja wa Mataifa ulitaja miili 2,000 iliyokusanywa na 900 mingine katika vyumba vya maiti. Hao kila mtu anakubali ni wafu wa vita. Siku zile zile laini ya umeme ilikatika, pampu za maji zikasimama, na watu wakashuka ziwani na bidoni zao za manjano kuchota maji ambayo kolera inayajua vizuri. Bohari ya dawa ya Msalaba Mwekundu iliporwa, maghala ya chakula ya PAM, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, pia. Uwanja wa ndege ukafungwa. Banki zikafungwa. Februari, kambi za wakimbizi wa ndani pembezoni mwa mji zilivunjwa, na mamia ya maelfu ya watu wakaambiwa warudi vijijini, wengine kwenye nyumba zisizo na paa na mashamba ambayo hayakulimwa.

Chukua mtoto wa miaka miwili Ndosho katika miezi iliyofuata. Baba yake ni mwalimu ambaye mshahara ulikuwa ukipitia banki. Sasa pesa ni za simu tu. Wakala anakata kamisheni yake, na noti anazotoa zimechakaa hadi muuza unga anazirudisha. Homa inaanza Jumatatu. Jumatatu na Jumanne wazazi wanampa dawa ya kushusha joto na kungoja, kwa sababu kituo cha afya kinataka malipo. Jumatano wanatafuta wa kuwakopesha, na jirani aliyekuwa akikopesha naye makuta yake yako banki. Alhamisi usiku degedege inampata, viganja vyeupe, anahitaji damu. Ijumaa wanamzika. Hakuna risasi iliyolia katika mtaa ule wiki nzima. Kwenye daftari, akiwa na bahati ya kufia kituoni, ataandikwa palu, yaani malaria. Akifia nyumbani hataandikwa popote.

Vivyo hivyo kwa mwanamke aliyebakwa njiani kwenda kutafuta kuni. Ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU. Ikiwa dawa ziko mjini na barabara imefungwa siku nne, dawa ile imekuwa bure kwake. Chanjo za watoto nazo lazima zikae kati ya nyuzijoto 2 na 8. Friji ikikosa umeme au mafuta, shehena inaharibika, na miezi michache baadaye surua inapita.

Hapo ndipo naona hoja ya “silaha kwanza, afya baadaye” inavunjika. Inadhani kwamba ukihamisha makuta kutoka dawa kwenda silaha unabadilisha raha kwa usalama. Kwa idadi ya maiti, unaondoa ulinzi mahali ambapo wengi wanakufia na kuupeleka wanapokufia wachache. Serikali za Afrika ziliahidi Abuja mwaka 2001 kuipa afya asilimia 15 ya bajeti. Kongo iko mbali na ahadi hiyo, na pengo lilikuwa likizibwa na wafadhili. Kwa miaka mingi Leta imeweza kupigana vita huku ikiwaachia wageni kazi ya kuwatibu watu wake.

Na wageni nao sasa wananunua silaha. Matumizi ya kijeshi ya dunia yalifika dola bilioni 2,718 mwaka 2024, kwa hesabu ile ile ya SIPRI. Februari 2025 Uingereza ilitangaza wazi kwamba itapunguza misaada ya nje kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3 ifikapo 2027, ili kulipia jeshi lake. Marekani, iliyokuwa ikitoa karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini Kongo mwaka 2024, ilikata misaada yake mwaka 2025, wakati Goma imeanguka tu. Sidai kwamba London ina wajibu mkubwa kwa Masisi, huku kwetu Kivu, kuliko kwa raia wake. Wanaiogopa Urusi na wana sababu zao. Nasema tu kwamba shehena ya dawa iliyokosekana huku imelipia kombora la kule, na mtoto aliyekosa dawa hatahesabiwa katika vita yoyote, ya kwetu wala ya kwao.

Kwa nini inafaa kumhesabu? Hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye inatoa jibu la uchungu. Februari 2022 mahakama hiyo iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita ya 1998 hadi 2003: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11, ikitaja raia 180,000 waliokufa. Mahakama iliteua wataalamu, nao wakatumia njia ya vifo vya ziada, kama ya IRC. Majaji waliikataa: haikuonyesha kifo kipi kilisababishwa na kitendo kipi. Wakabaki na makadirio ya watu 10,000 hadi 15,000. Siwalaumu majaji, kwa sababu mahakama inataka ushahidi. Lakini aliyekufa kwa kuhara msituni Ituri hakuingia kwenye fidia hata kidogo.

Na fidia yenyewe? Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano, na mfuko wa kuzigawa, FRIVAO, ukawekwa Kisangani. Septemba 2025 mahakama mjini Kinshasa ilimhukumu waziri wa sheria wa zamani miaka 3 ya kazi za kulazimishwa katika kesi ya dola milioni 19 za mfuko huo, zilizoelekezwa kwenye ujenzi wa gereza. Yeye alikana kosa. Wenye kutetea bajeti kubwa ya jeshi bila ukaguzi wangepaswa kuisoma kesi hii mara mbili: kama makuta ya wahanga, yanayotazamwa na mahakama ya dunia, yanaweza kupindishwa njia, yale yanayofichwa kwa jina la siri ya ulinzi yatalindwa na nani?

Mazungumzo ya amani ya Washington na Doha yameleta karatasi nyingi zenye sahihi, na siku moja suala la fidia ya vita hii nalo litafika mezani. Wauguzi wa zoni za afya za Karisimbi, Goma, Nyiragongo na Kirotshe wanaweza kuanza kazi yake leo bila kungoja Kinshasa wala mwingine yeyote. Daftari la vifo lina safu ya ugonjwa; waongeze safu ya pili, waandike mgonjwa alichelewa siku ngapi na kwa nini: barabara ipi ilifungwa, dawa ipi ilikwisha na tangu lini. Na wakuu wa avenue (mitaa) waandike waliofia nyumbani, jina, umri na tarehe, wazipeleke orodha zile kituoni kila mwisho wa mwezi.