Asilimia kumi ya benki isikuharakishe

Kuna maneno yamezoeleka hapa Mombasa, hasa midomoni mwa madalali wa nyumba, kwamba anayelipa kodi anatupa pesa. Yamerudiwa mpaka hakuna anayeyauliza tena. Kijana akishapata kazi ya mshahara tu, anaanza kusutwa: mbona unamtajirisha mwenye nyumba ilhali benki ipo, na benki inataka utangulize asilimia kumi tu ya bei? Mimi hiyo asilimia kumi ndiyo ninayoiogopa. Maoni yangu ni kwamba mwenye mshahara wa kawaida afadhali akae kwenye kodi miaka miwili mitatu zaidi, akusanye cha kutanguliza kilicho kikubwa, kuliko kukimbilia kile kidogo ambacho benki imekubali kupokea.

Tupige hesabu. Chukua fleti ya vyumba viwili, Bamburi au Kiembeni, bei shilingi milioni 6. Ukiipanga, tuseme kodi yake ni 30,000 kwa mwezi. Ukiinunua kwa kutanguliza 600,000, benki inakukopesha milioni 5.4. Kwa riba ya asilimia 15 na muda wa miaka 20, marejesho yanakuja kama 71,100 kila mwezi.

Hapo wengi huishia, wanaangalia kama mshahara utatosha, wanatia sahihi. Ombeni jedwali la marejesho, jamani. Benki inalo, na ukiliomba utapewa. Someni mstari wa kwanza: katika ile 71,100 ya mwezi wa kwanza, riba ni 67,500. Kilichopunguza deni ni 3,600 na senti zake. Mwenye nyumba alikuwa akichukua 30,000, benki inachukua 67,500, na bado tunaambiwa anayetupa pesa ni mpangaji. Tena mpangaji bomba likipasuka anapiga simu. Ukiwa mwenye nyumba unajipigia mwenyewe, na hapa pwani chumvi inakula vyuma vya madirisha kabla rangi haijazeeka.

Mistari inayofuata haina nafuu ya haraka. Baada ya miaka mitano utakuwa umelipa karibu milioni 4.27, na deni bado ni milioni 5.08. Ukifika mwisho wa miaka 20, nyumba ya milioni 6 imekutoa zaidi ya milioni 17 za marejesho peke yake. Benki haijakuibia, maana yote yameandikwa kwenye mkataba. Ila riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki, na mwanzoni deni lililobaki ni karibu lote.

Mpwa wangu alinijia na barua ya benki, mkopo wake unakaribiana na huu wa mfano wangu, uso umekunjuka kwa furaha.

"Mjomba, wamenikubalia miaka ishirini na tano. Kila mwezi inashuka."

"Inashuka ngapi?"

Akaangalia karatasi. "Kama elfu mbili."

Tukakaa na kikokotoo cha simu. Kwa milioni 5.4, kutoka miaka 20 hadi 25 marejesho yanashuka kutoka 71,100 hadi 69,200. Kwa hiyo nafuu ya 1,900 kwa mwezi unailipia milioni 3.7 za ziada mpaka mwisho. Ukigeuza upande wa pili inashangaza zaidi: kwa miaka 15 marejesho ni 75,600, yaani unaongeza 4,500 tu juu ya yale ya miaka 20, na unaokoa karibu milioni 3.5. Afisa wa mikopo hatakuambia hivyo. Kazi yake ni kuhakikisha marejesho yanaingia kwenye mshahara wako, na muda mrefu ndio unaoyaingiza.

Sasa rudi kwenye pesa ya kutanguliza. Badala ya asilimia 10, njoo na 30, yaani milioni 1.8. Mkopo unakuwa milioni 4.2 na marejesho 55,300 kwa miaka ileile 20. Hiyo milioni 1.2 uliyoongeza imekuondolea karibu milioni 3.8 za kulipa huko mbele. Sijui uwekezaji gani mwingine wa mwenye mshahara unaolipa hivyo bila kubahatisha.

Na itatoka wapi? Itatoka kwenye ile tofauti. Kodi ni 30,000, marejesho ya mkopo mkubwa ni 71,000. Basi kuanzia mwezi huu jifanye umeshakopa: lipa kodi yako, na ile 41,000 iliyobaki iweke kando siku ya mshahara, kabla haijazoea mfuko wako. Kwa mwendo huo, milioni 1.2 inatimia ndani ya miaka miwili na nusu, hata kabla hujahesabu faida. Na kama miezi mitatu haijaisha umeshindwa kuiweka, umejua jambo kubwa bila gharama yoyote: ule mkopo hungeuweza. Kushindwa kuweka akiba hakuleti dalali wa mnada mlangoni.

Dalali wa mnada simtaji kwa kutisha watu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inampa mkopaji nafasi: ukishindwa kulipa, benki lazima ikupe ilani ya siku 90, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Lakini tazama kurasa za minada magazetini uone nafasi hiyo inavyowapita watu. Wengi hawakuanguka kwa uzembe. Mkataba wao ulikuwa wa riba inayobadilika, nayo ikabadilika. Hadi Mei 2022 riba msingi ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 7, kufika Februari 2024 ilikuwa asilimia 13. Ilianza kushushwa Agosti mwaka huo, lakini barua za nyongeza zilikuwa zimeshawafikia watu. Mkopo wetu wa milioni 5.4 ukipanda kutoka asilimia 15 hadi 18, marejesho yanaruka hadi 83,300. Mshahara nao, katika kipindi hichohicho, ulikuwa unaanza kukatwa asilimia 1.5 ya ada ya nyumba na asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii. Aliyekopa kwa kujibana mpaka mwisho hakuwa na pa kusogea. Aliyetanguliza kingi alikuwa na nafasi ya kupumua, na hiyo ndiyo faida ya malipo makubwa ya awali ambayo hata jedwali haliionyeshi.

Pesa yenyewe iwekwe wapi? Si kwenye akaunti ileile unayotumia M-Pesa kila saa, hilo nafikiri tumekubaliana. Sacco ni nzuri, na Mkenya wa kawaida ameipata nyumba kupitia sacco zaidi kuliko kupitia benki: mikopo ya nyumba ya benki nchi nzima haizidi sana elfu 30, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Sacco nyingi zinakukopesha mara tatu ya akiba yako, kwa riba ya kama asilimia moja kwa mwezi juu ya deni linalopungua. Lakini akiba ya sacco huitoi hivihivi. Mpaka ujitoe uanachama, na ikiwa umemdhamini mwenzako kazini ambaye deni lake halijaisha, pesa zako zimeshikwa naye. Ndiyo maana akiba ya kutangulizia nyumba mimi naipenda zaidi kwenye fuko la uwekezaji lile watu huliita MMF, linalokusanya pesa za wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi, ambalo unatoa kwa siku chache, au hatifungani za serikali zinazoanzia shilingi 50,000, ilimradi tarehe ya kuiva isipite tarehe yako ya kununua. Chama cha mzunguko kinafaa kwa sufuria na makochi. Milioni moja usiiweke huko.

Kuna na hili la pensheni. Tangu 2020 kanuni zinaruhusu mwanachama kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake ya uzeeni kununua nyumba ya kuishi, isizidi milioni 7. Watu wameishangilia. Mimi kwa kijana wa miaka thelathini naona ni kumkopa mzee ambaye bado hajazaliwa, na mzee huyo hana pa kushtaki.

Kwa Waislamu wenzangu, najua wengi mmeshaacha kusoma tangu nilipotaja riba. Zipo benki za Kiislamu nchini, na utaratibu wao wa nyumba huwa wa namna mbili hivi: ama benki inainunua nyumba na kukuuzia kwa bei ya juu iliyotajwa tangu mwanzo, ama mnainunua kwa ubia, nawe unailipa benki kodi ya fungu lake huku ukilinunua fungu hilo kidogo kidogo mpaka liishe. Ni utaratibu halali na wengi wetu hapa pwani umetufaa. Hata hivyo uhalali si urahisi wa bei. Uliza jumla yote utakayolipa mpaka siku ya mwisho, uilinganishe, na utakuta hesabu ya kutanguliza kingi inasimama hapo pia: fungu la benki likiwa dogo, kodi yake inakuwa ndogo.

Halafu lipo la kwetu hasa. Mombasa tuna nyumba bila ardhi, ukuta ni wako na kiwanja ni cha mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Familia ngapi zimekulia katika nyumba hizo Majengo na Kisauni! Ni nyumba, zinarithiwa, zinauzwa. Ila benki inashika hatimiliki ya ardhi, na kuta bila hati kwake hazidhamini kitu. Kwa hiyo anayedhani atatumia nyumba ya marehemu babu kama dhamana ajue mapema, kabla hajalipa ada ya mthamini. Na mwenye hati naye, ikiwa ni nyumba ya ndoa, sheria inataka mwenzake akubali kwa maandishi. Mke asiletewe fomu usiku wa mwisho.

Gharama za pembeni nitazipitia haraka kwa sababu ni za kuudhi. Mjini ushuru wa stempu ni asilimia 4, kwa nyumba yetu ni 240,000 taslimu. Yupo wakili wako, yupo wakili wa benki ambaye pia unamlipia wewe, yupo mthamini, ipo ada ya benki ya kuandaa mkopo, bima ya maisha na bima ya moto. Ile 600,000 ya kutanguliza inakaribia milioni moja kabla hujapewa ufunguo. Ukisikia mtu anafadhiliwa asilimia 100 au zaidi, ujue hizi zote zimetiwa ndani ya deni, na atazilipia riba miaka 20.

Najua pingamizi mbili zinakuja. Ya kwanza ni ya ushuru: tangu Desemba 2024 sehemu ya mshahara unayolipia riba ya mkopo wa nyumba ya kuishi, hadi 30,000 kwa mwezi, haitozwi kodi ya mapato. Kweli, na kwa aliye kwenye kiwango cha asilimia 30 hiyo ni 9,000 mfukoni. Ipokee. Haifuti 67,500.

Ya pili ina uzito: ukingoja, bei itapanda. Tuseme inapanda asilimia 5 kila mwaka. Baada ya miaka miwili na nusu, ile ya milioni 6 imekuwa karibu milioni 6.8. Ukija na milioni 1.8 yako, unakopa kama milioni 5, ambayo bado iko chini ya 5.4 ambayo ungeikopa leo, na akiba yako nayo haikukaa bure muda wote huo. Bei ingelazimika kupanda kwa kasi zaidi ya hapo ili haraka ikulipe, na fleti zinazoota Bamburi kila kona hazinionyeshi kasi hiyo.

Mmoja tu ndiye ningemwambia asingoje: aliyepata mkopo wa riba isiyobadilika, ya tarakimu moja, kupitia benki au sacco inayopewa fedha na KMRC, shirika linalozikopesha benki na sacco fedha za mikopo ya nyumba. Kwa asilimia 9.5, ile milioni 5.4 inalipwa kwa 50,300 kwa mwezi, chini hata ya yule aliyetanguliza asilimia 30 kwa riba ya 15. Yeye akague hati, aulize kama kuna faini ya kulipa kabla ya wakati, na achague miaka michache kadiri mshahara utakavyobeba.