Penseli kwenye sikio bovu

Hapa London, pale Hyde Park Corner, kuna mnara wa askari wa mizinga uliozinduliwa mwaka 1925. Juu wamechonga mzinga mzima wa mawe, na upande mmoja amelazwa askari aliyekufa, kafunikwa koti lake. Idadi ya askari wa mizinga waliokufa Vita ya Kwanza imeandikwa: 49,076. Si "karibu elfu hamsini". Hata wale sabini na sita wa mwisho wamehesabiwa. Mimi ni fundi bomba, hupita pale na begi langu la spana, na kila nikipita namkumbuka baba mdogo.

Alikuwa seremala Morogoro. Amini alipovamia Kagera mwaka 1978, akaenda vitani, wakampanga kwenye mizinga. Kazi yake kupakia makombora kwenye BM-21, ile mitambo ya roketi ya mirija 40 ambayo Waganda waliipachika jina la saba saba. Kampala ilianguka Aprili 1979. Yeye akarudi kwenye randa yake, na sikio la kushoto halisikii kitu. Akaligeuza kishikio cha penseli. Sisi tuliojifunza kwake tulijua: ukitaka kumuuliza kipimo, zungukia kulia. Wateja wageni walimwita fundi mwenye maringo, kumbe wamemsalimia upande wa penseli.

Alipofariki tulipekua sanduku lake lote. Hakuna cheti, hakuna hata picha akiwa na sare. Vita yenyewe tunaijua sana: nani hajui maneno ya Mwalimu, sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao? Kila Julai 25 tunawakumbuka mashujaa, mkuki na ngao vinawekwa mnarani. Seremala ndiye hatumjui.

Juzi nilikwenda kutengeneza bomba la jikoni kwa mzee mmoja. Baba yake alikuwa fundi bomba, na Vita ya Pili alipigana kwenye mzinga wa makombora ya ratili 25. Akanitolea kitabu chake cha kuachishwa jeshi: namba, urefu, rangi ya macho, kazi ya kabla ya vita. Fundi bomba. Neno hilo nililisoma mara mbili. Jeshi lilitaka kujua alikuwa nani kabla ya kumvika sare.

Lakini bomba nililimaliza saa nne asubuhi, nikatoka kwake saa saba mchana. Mzee hana wa kumsimulia, watoto huja Krismasi. Kwa kukaa na mzee akiwa hai, hawa Waingereza hawatufikii. Akishazikwa ndipo wanatuacha mbali.

Maana baba mdogo hakukosa watu barazani hata jioni moja. Alichokilalamikia kuliko sikio ni masanduku ya makombora: mbao safi, anasema, zimenyooka, halafu watu wanazichoma kuchemshia chai! Tulikuwa tunavunjika mbavu. Kalamu hatukushika, na mmoja wetu alikuwa mwalimu wa shule.

Nilimpa yule mzee kisa cha masanduku, akacheka hadi akakohoa. Kisha akavuta karatasi, akaniuliza jina la baba mdogo na namba yake ya jeshi, eti ajaribu kumtafuta.

Jina nilimtajia.