Ulinzi shirikishi Dar: tunaulipia, lakini nani anaukagua?

Ukikaa Dar es Salaam, hasa uswahilini kwetu Temeke, Ilala au Ubungo, hela ya ulinzi unaijua. Mwisho wa mwezi kijana anapita nyumba hadi nyumba na daftari lililokunjika kona, anagonga geti, anataja kiasi. Kuna mitaa wanatoza elfu mbili, mingine elfu tano, na mwenye fremu ya duka anatajiwa zaidi. Hela hiyo ndiyo posho ya walinzi wa usiku, wale wenye rungu, tochi na filimbi. Kwenye vikao wanaitwa ulinzi shirikishi. Wazee bado wanawaita sungusungu.

Ubishi juu yao hauishi. Kuna wanaosema bila hawa vijana tungeshaibiwa hadi masufuria. Kuna wanaosema wamegeuka kero: wanatoza, wanapiga, wanakamata watoto wa watu waliotoka kibaruani. Mimi nalipa, na nitaendelea kulipa. Lakini tumebishana miaka yote kama waendelee au wafutwe, na swali la nani anawakagua tumeliacha lining'inie. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali lenyewe.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko ugomvi wa hela ya mwezi. Sungusungu walianzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, silaha zimezagaa, wizi wa ng'ombe na ujambazi umeshamiri, na polisi hawafiki vijijini. Wanakijiji wakajipanga wenyewe kwa pinde na mishale, wakawa na viongozi wao na adhabu zao. Chama na serikali vikawaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha Sheria ya Jeshi la Mgambo ya mwaka 1973 ili wawe na uwezo wa kukamata unaokaribiana na wa konstebo wa polisi. Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwanzoni mwa miaka ya 1990, utaratibu huo ukaingia kwa kishindo mijini, Dar ikiwamo. Baadaye, chini ya mkuu wa polisi nchini (IGP) Said Mwema, ikaja lugha ya polisi jamii na ulinzi shirikishi. Majina yamebadilika, ila dola imekuwa ikisema jambo lilelile: peke yetu hatuwezi, tusaidieni.

Na ni kweli haiwezi. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728. Ingia Manzese au Tandale usiku, upite vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja inabidi abane ukutani, halafu uniambie gari la doria linapita wapi. Huko anayefika kwanza mtu akipiga yowe ni jirani. Mlinzi wa mtaa anajua nyumba ipi ina mgonjwa, ipi mwenyewe kasafiri, kijana yupi amerudi juzi kutoka jela na yupi ni mpangaji mpya wa mama fulani. Askari aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine mwezi uliopita hana hazina hiyo, hata awe hodari namna gani.

Wanaobeza ulinzi huu hupenda kusahau mwaka 2022. Panya Road, yale makundi ya vijana wahalifu ambao walishatutia hofu kubwa mwanzoni mwa 2015 kiasi cha watu kufunga maduka na kukimbia ovyo, walirudi wakiwa wabaya zaidi. Safari hii waliingia majumbani na mapanga. Septemba mwaka ule, Kawe, mwanafunzi wa chuo kikuu aliuawa. Wiki zile mtu alikuwa akisikia vishindo vya miguu nje anazima taa na kushika watoto midomo. Viongozi wa mkoa walihimiza kila mtaa urudishe ulinzi, na mitaa iliyokuwa imelala ikaamka. Palipokuwa na vijana waliozoea kukesha pamoja, kazi ilianza usiku uleule. Palipokuwa hapana, watu walianza kuulizana majina.

Kuna na suala la pesa ambalo wakosoaji wengi, nao wakiwa ndani ya kuta zenye nyaya za umeme, hawaligusi. Masaki na Mbezi Beach watu wana kampuni za ulinzi, mbwa na kamera. Mama anayepanga chumba kimoja Mbagala, mlango wake ni mbao na kitasa cha kichina, hana uwezo huo. Kwake elfu mbili ya mwezi ndiyo kampuni ya ulinzi. Ukimwambia ulinzi shirikishi ufutwe kwa sababu una kasoro, mwambie pia atalala vipi.

Hapo nimesimama upande wao kwa moyo wote. Sasa upande wa pili, nao mzito.

Katiba yetu, Ibara ya 13(6), inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ametenda kosa, na inapiga marufuku kumtesa mtu au kumpa adhabu za kumdhalilisha. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu aliyemwona akitenda kosa, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hakuna mahali inapomruhusu kumpiga makofi, kumvua viatu, kumfungia stoo ya ofisi ya mtaa hadi asubuhi, wala kumwachia kwa "elfu kumi ya usumbufu". Lakini haya yanafanyika, na wengi wetu tumeyaona au tumeyasikia kwa majirani tunaowaamini.

Nitaeleza moja ambalo nalifahamu kwa karibu, mtaa siutaji. Kijana anafanya kazi jikoni kwenye hoteli mjini, zamu inaisha saa sita usiku. Akashuka bodaboda barabarani ili aingie ndani kwa miguu, kwa kuwa bodaboda wa usiku anaongeza bei akiingia kichochoroni. Akakutana na doria. Akaulizwa anatoka wapi, akasema kazini. Kitambulisho cha kazi hana, kibarua hapewi kitambulisho. Begini alikuwa na kisu chake cha kukatia nyama, amekifunga kwenye aproni. Hicho kisu kikatosha kuwa ushahidi. Alikaa chini sakafuni mpaka alfajiri, alipokuja kutambuliwa na mwenye nyumba wake. Mdomo umevimba. Hakuna aliyeandika popote kwamba alikamatwa, kwa hiyo hata alipotaka kulalamika hakuwa na pa kuanzia. Kwenye makaratasi ya mtaa, usiku ule ulikuwa shwari.

Wanaokamatwa hivi si kila mtu. Ni kijana, mwanamume, mpangaji, mgeni mtaani, mwenye nywele ambazo wazee hawazipendi. Mtoto wa mwenye nyumba akirudi saa nane usiku kalewa anasindikizwa kwao. Mpangaji akirudi saa nane usiku mzima kabisa anaitwa mzururaji. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapahapa Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake na si kwa kosa alilotenda. Maoni hayo hayajashuka hadi kwenye vijiwe vyetu. Kijiwe kikikutwa na vijana wanne wasio na shughuli, kwa wengi hilo lenyewe ni kosa.

Halafu kuna yowe la "mwizi!". Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika kwenye ripoti zake, mwaka baada ya mwaka, watu waliouawa na wananchi wenye hasira. Hapa lazima niwe mwadilifu kwa walinzi: kuna usiku wao ndio humwokoa mtuhumiwa. Filimbi ikipigwa na watu wenye nidhamu, mtu anafikishwa kituoni akiwa hai. Ikipigwa na watu wasio na nidhamu, inawaita wenye mawe na tairi. Filimbi ni ileile, tofauti ni nani amefundishwa nini kabla hajapewa. Na tuseme ukweli, wengi hawafundishwi chochote. Wanapewa rungu na koti la kung'aa, wanaambiwa waanze leo.

Jirani zetu wa Kenya wameyaonja yote mawili. Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, serikali yao ilizindua Nyumba Kumi kwa kutazama mfano wetu, majirani wafahamiane na watoe taarifa. Lakini kule Kisii kulikuwa na kundi lililojiita Sungusungu, nalo likidai kulinda jamii, ambalo liliogopwa kwa mauaji hadi likapigwa marufuku. Hakuna jina linalomzuia mlinzi asigeuke mtesaji.

Turudi kwenye daftari la michango, kwa sababu ndiko mambo mengi yanakoharibikia. Serikali ya mtaa mjini haina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Kijiji kinaweza, mtaani kazi hiyo ni ya halmashauri. Maana yake, pale ambapo halmashauri haijatunga sheria ndogo ya ulinzi, ile hela inasimama juu ya makubaliano ya wakazi tu. Kumtishia mtu kwamba asipolipa hatapewa barua ya utambulisho ya mtaa, barua anayohitaji kufungulia akaunti benki au kumdhamini ndugu polisi, ni kumnyima haki yake kwa deni lisilo na sheria. Na hao wanaochelewa kulipa, mara nyingi, si wabishi. Ni watu ambao hawakuwahi kuitwa kwenye kikao kilichopanga kiasi. Mwenye nyumba ameitwa, mpangaji hakuitwa, lakini anayegongewa mlango ni mpangaji.

Jambo jingine linalotia watu mashaka ni siasa. Mashina ya nyumba kumi yalianzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 mjumbe wa shina amebaki kuwa kiongozi wa chama, yaani CCM iliyorithi TANU. Mtaani, hata hivyo, bado watu wanamwendea kwa kila kitu, na kwenye mitaa kadhaa ndiye anayechagua nani akae kwenye ulinzi. Mkazi asiye wa chama hicho atamwamini vipi mlinzi aliyechaguliwa huko? Kazi hii ni ya mwenyekiti na kamati ya mtaa, waliochaguliwa na wakazi wote, na ibaki hapo.

Nimewasikia wanaosema dawa ni polisi kata, yaani wakaguzi wa polisi waliopangwa kwenye kata. Naafiki kwa sehemu. Mkaguzi mmoja hawezi kulinda kata nzima, ila anaweza kufanya kitu ambacho mwenyekiti wa mtaa hawezi: kuwakagua wanaolinda. Awajue kwa majina na sura, awafundishe mipaka yao kabla hawajapewa rungu, na apite asubuhi kusoma kitabu cha matukio. Kitabu hicho ndicho ninachokipigia kelele kuliko kitu chochote. Aliyekamatwa aandikwe jina, saa, mahali, sababu, nani alimkamata na alikabidhiwa kwa nani. Daftari la mistari dukani halimshindi mtu bei. Mtaa unaoweza kuandika nani hajalipa elfu mbili hauwezi kuniambia umeshindwa kuandika nani alilala sakafuni kwake.

Wapo watakaosema masharti haya yatawavunja moyo vijana wanaojitolea. Hofu yao naielewa, posho ni ndogo na usiku ni mrefu. Ila mlinzi anayefanya kazi yake vizuri ndiye anayenufaika na kitabu kuliko wote. Akisingiziwa kwamba alimpiga mtu, ana maandishi. Akiumizwa kazini, mtaa una pa kuanzia kumchangia matibabu, tofauti na sasa ambapo anayekatwa panga akitulinda anaachiwa familia yake.

Taa nazo zihesabiwe kuwa ulinzi. Mradi wa uendelezaji wa jiji, DMDP, ulipojenga barabara za ndani zenye taa kwenye baadhi ya maeneo ya Temeke na Kinondoni, sehemu za kukabwa roba zilijulikana kwa wepesi zaidi: ni zile zilizobaki gizani. Kabla ya kuongeza michango, kikao kiulize ni balbu ngapi zimekufa.

Na saa za doria ziangaliwe upya. Mitaa mingi walinzi wanaanza saa nne au tano usiku, na ikifika saa kumi alfajiri wengi wameshaondoka au wamelala kibarazani. Saa kumi ndiyo mama lishe anatoka kwenda Ilala kununua mboga, muuza samaki anawahi Feri, wa matunda anakwenda Mabibo au Buguruni. Wametoka na mtaji wote kwenye kibindo, barabara haina mtu, na vishandu, yaani waporaji wa pikipiki, wanajua ratiba hiyo kuliko kamati ya ulinzi. Wanawake hawa wanalipa hela ya ulinzi kama wengine, lakini kwenye vikao vya jioni, wakati wao wanapika au wamelala kwa uchovu, hakuna anayewasemea. Kikao kijacho kifanyike Jumapili mchana, waje, na doria isogezwe hadi saa kumi na mbili asubuhi.