Acheni Watu Waboronge

Wiki jana nilimsindikiza binti ya dada yangu kwenye darasa lake la Kijerumani, hapa hapa mjini, jina la chuo silitaji. Ni muuguzi, na kama nusu ya Kisauni siku hizi, ataka Ujerumani. Tangu serikali zetu zitie saini yale makubaliano ya ajira Berlin, Septemba 2024, kila nguzo ya stima ina karatasi ya "Kijerumani kwa miezi mitatu". (Miezi mitatu! Wanadiplomasia wa Marekani, wanaolipwa mshahara kukaa darasani kutwa, hupangiwa wiki kama 36 kwa Kijerumani, na hizo hizo kwa Kiswahili. Haya, endeleeni kubandika.)

Basi mwalimu akamwita msichana mmoja wa nyuma ajieleze. Akasimama, sentensi mbili zikatoka vizuri, ya tatu akatia kitenzi pasipo pake. Darasa zima likaangua kicheko. Na mwalimu naye, tunayemlipa, akacheka. Msichana akaketi, hakufungua mdomo tena hadi kipindi kikaisha.

Niseme tu: kwa tabia hii, sisi watu wa Mombasa hatuna mshindani. Tumezaliwa ndani ya lugha tamu na tunailinda kama lango la Fort Jesus. Mtu wa bara anafika Markiti, aomba "hii mandimu ya hamsini", muuzaji amgeukia mwenzake: "Umemsikia huyu?" Wanakufa kwa kicheko. Mgeni analipa, anarudi zake kwenye Kiingereza au Sheng, mahali penye amani. Miaka kumi baadaye tuko barazani, kahawa mkononi, twalalamika kwamba wabara hawataki kujifunza Kiswahili fasaha. Wakajifunzie wapi, ikiwa shule ni sisi na shule yenyewe yawazomea mlangoni?

Kisha zamu ikitugeukia, tukawa sisi wanafunzi, twajua vizuri kinachotungoja. Ndiyo maana twanyamaza. Twajaza madaftari, twakariri der, die, das, zile artikeli zinazoonyesha jinsia ya kila nomino ya Kijerumani, hadi usiku wa manane. Sisi! Watu ambao tangu utotoni tunapatanisha ngeli zote hizi za Kiswahili bila kutoka jasho, leo jinsia tatu za Mjerumani zitutie homa? Si jinsia tunazoziogopa. Tunamwogopa jirani wa dawati.

Nendeni Bamburi, nendeni Diani, mkawasikilize mabichiboi tunaowadharau. Kijana hajakalia dawati la Kijerumani hata siku moja, lakini utamkuta anazungumza na mzee wa Hamburg kuhusu goti linalomuuma, kuhusu mkwe wake asiyetaka kazi, kuhusu bei ya kwenda na mashua hadi kwenye matumbawe. Artikeli zote amezitupa baharini. Anasema, asipoeleweka anasema tena kwa njia nyingine, mikono ikimsaidia. Mzee anamrudishia neno lilivyo, naye analidaka na kulitumia hapo hapo kwa mteja anayefuata. Kesho ni watu wale wale, maneno yale yale, na njaa ya kuuza ile ile. Mwisho wa msimu anatania kwa Kijerumani, na kutania ndiko kugumu. Malindi nako Kiitaliano kiliingia mitaani hivyo hivyo. Waitaliano wako pale tangu miaka ya 1960, walipokuja kurushia setilaiti zao baharini, na wachuuzi hawakungoja chuo kifunguliwe.

Hata Krapf, Mjerumani aliyekuja kukaa Mombasa 1844, hakukuta darasa la Kiswahili likimngoja. Alikaa na watu, akauliza, akaandika, akauliza tena. Kamusi yake ikachapishwa London 1882, mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Sidhani mababu zetu walijizuia kumcheka, maana wajukuu wao nawajua. Ila yeye hakunyamaza.

Najua mtakaloniandikia: Kijerumani cha ufuoni hakimtoshi muuguzi. Sawa, hakimtoshi. Kule kwa kawaida wanadai B2, ngazi ya nne kati ya sita za kujua lugha zinazoanzia A1, na dozi ya mgonjwa haikisiwi kwa ishara za mikono. Sarufi ina kazi yake, nimekubali, tusilirudie. Lakini mtihani wenyewe wa B2 wa Goethe, taasisi ya Wajerumani inayotahini lugha yao, una sehemu nne, mojawapo ni kuzungumza, na sehemu hiyo peke yake yataka alama 60 kwa 100. Mtu aliyefunzwa kunyamaza atazitoa wapi?

Programu za simu? Zafaa ukingoja feri ya Likoni. Hazikucheki, ni kweli, lakini pia haziulizi habari za mamako.

Nimewashauri vijana kadhaa wa mtaani kwetu wawe wanakutana Mama Ngina Jumapili jioni, Kijerumani kitupu, kuanzia bei ya madafu hadi fitina za harusi. Wa A1 wanakaribishwa, na asiye na kiwango pia. Kucheka kisa kinachochekesha, ruhusa. Anayecheka kosa la mwenzake ananunua mihogo ya wote, na pilipili na ndimu juu.