Ushahidi uko kwenye kucha

Picha ya Hallucigenia akitembea juu ya miiba yake bado inasambazwa, na maelezo chini yake ni yale yale: babu wa onikofora, wanyama laini kama minyoo wenye miguu. Inaniudhi. Ni makosa mawili katika picha moja, na yote mawili yalishasahihishwa kwa kazi ya mikono ambayo hakuna anayeisimulia.

Huyu ni mnyoo mwenye miguu, mdogo wa sentimita chache, wa miaka milioni 508 iliyopita. Katika miamba ya Burgess Shale, Kanada, amebaki utando mwembamba wa kaboni. Mwaka 1977 mtaalamu wa visukuku Conway Morris aliona jozi saba za miiba upande mmoja, na upande wa pili safu moja tu ya viungo laini. Safu moja haimsimamishi mnyama, basi miiba ikafanywa miguu. Kwa alichokuwa nacho mezani, sawa.

Mwaka 1991 Ramsköld na Hou, wakiongozwa na visukuku vya Chengjiang, Uchina, wakampindua. Mwaka uliofuata Ramsköld akachimbua sampuli yenyewe. Tope hupenya kati ya viungo kabla mzoga haujabanwa, kwa hiyo safu ya pili ya miguu ilikuwa imelala ndani zaidi ya mwamba. Kuifikia ni kuondoa kilicho juu, na chembe ikishatoka hairudi. Lazima upige picha kwanza. Safu ilikuwepo, na kucha zake.

Miguu peke yake haithibitishi ukoo. Kucha inathibitisha. Mwaka 2014 Smith na Ortega-Hernández walionyesha kwamba kila kucha ni koni mbili au tatu zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, kama vikombe vya plastiki dukani. Onikofora wa leo, wale laini wa chini ya magogo yenye unyevu, Afrika Kusini na hata Gabon, wana kucha na taya za namna hiyo hiyo: ya nje ikivuliwa, ya ndani iko tayari.

Wapo wanaomweka Hallucigenia kwenye tawi jingine kidogo la ukoo, nakubali. Ila babu si yeye. Ana miiba yake mwenyewe na shingo ndefu. Mwiteni ndugu wa babu.

Kichwa nacho kilikuwa kimewekwa upande usio wake. Doa jeusi lililodhaniwa kichwa ni majimaji ya utumbo yaliyokamuliwa wakati wa kufukiwa. Mwaka 2015 Smith na Caron walikuta macho mawili na duara la meno upande wa pili. Meno hayo onikofora wameyapoteza; minyoo ya priapulida, ndani ya tope la bahari, ingali nayo.