Mgonjwa wa saratani ya figo yuko nyumbani na vidonge: simu ya nesi inatosha?

Wapo wanaosema mgonjwa wa saratani ya figo iliyoshasambaa, akishaanzishiwa vidonge kama sunitinibu, asisumbuliwe na safari za kliniki kila mara, nesi awe anampigia tu simu. Mimi naafiki kwa sehemu kubwa, ila kuna mahali pananitia hofu kweli.

Fikiria mtu wa Kigoma anayetibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Nauli, pa kulala, ndugu wa kumsindikiza. Na sunitinibu kwa kawaida unameza wiki 4 unapumzika 2, sasa balaa linaanza hukohuko katikati ya dozi, viganja na nyayo vinawaka moto, ngozi inachubuka, mdomo una vidonda, presha nayo inapanda kimyakimya, halafu mgonjwa hasemi maana anaogopa atapunguziwa dozi, au anaacha vidonge mwenyewe bila kumwambia mtu. Hapo simu ya nesi ni dawa tosha: kapime presha zahanati, paka krimu yenye urea, vaa viatu laini, acha kusugua nyayo kwa jiwe.

Lakini simu haimuoni mgonjwa jamani. Chukua kuharisha tu. Wa sunitinibu akiharisha mara nyingi ni dawa yenyewe, ukimpa loperamaidi ya kuzuia kuharisha na ORS anatulia, ikizidi daktari anasimamisha dozi kwa muda. Ila mwenzake wa saratani hiyohiyo anayetibiwa kwa dripu ya nivolumabu, dawa hii inayoamsha kinga ya mwili, kinga hiyohiyo inaweza kugeuka kushambulia utumbo, hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Huyo ukimwambia ameze za kuzuia kuharisha asubiri kesho unaficha tatizo, utumbo unaweza kutoboka, anatakiwa hospitali haraka na mara nyingi aanzishiwe steroidi, dawa za kutuliza hiyo kinga. Na wote wawili kwenye simu wanasema neno moja tu, "nesi, naharisha". Zahanati ya jirani wasipojua anatumia dawa gani watampa flajili, ile ya kuua vijidudu vya tumbo, aende zake.

Kwa hiyo mimi niko upande wa simu, ila sio simu ya kumjulia hali. Nesi awe amefundishwa dawa hizi, faili liwe mbele yake, na mgonjwa atembee na kadi yenye jina la dawa. Tena awepo daktari wa kupokea hata saa mbili usiku nesi akisema huyu simuelewi, maana kumwachia nesi mzigo wote huo peke yake, na vocha anunue mwenyewe, ni kumuonea yeye na mgonjwa pia.