Arubuni Haijawa Kiwanja

Juzi usiku mdogo wangu alinipigia simu analia. Kiwanja alichokuwa ananunua Chanika, Dar es Salaam, mita 20 kwa 20, kimeuzwa kwa mtu mwingine. Yeye na mwenye kiwanja walipatana shilingi milioni 14, akatoa arubuni milioni 2, wakapeana mikono mbele ya dalali, na yule bwana mwenye kiwanja akamwambia, "Dada, hesabu ni chako." Wiki mbili baadaye akatokea mtu na milioni 16 taslimu.

Nikamwomba anitumie picha ya mkataba. Ikaja picha ya ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule: "Nimepokea 2,000,000 ya kiwanja." Kiwanja kipi, hakuna. Bei kamili, hakuna. Jina la mnunuzi, hakuna. Na saini ni ya dalali.

Hapo ndipo moyo uliponiuma, maana karatasi za namna hii nimeziona nyingi mno. Tunaamini biashara imefungwa bei ikishakubaliwa na pesa kidogo ikashikwa. Kwa gunia la mahindi, sawa. Ardhi ina masharti yake. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 kinataka maandishi, ama mkataba wenyewe ama kumbukumbu ya masharti yake, tena yawe na saini ya yule unayetaka kumbana mahakamani. Yule unayetaka kumbana, jamani! Ukimshtaki muuzaji, saini itakayotafutwa ni ya muuzaji. Mashahidi kumi na mhuri wa serikali ya mtaa havizibi pengo hilo. Huwa tunahangaikia mhuri, tunalipia mhuri, halafu mwenye mali mwenyewe anaondoka hajaandika hata jina lake.

Ardhi ya kijiji ina mlango mwingine tena: halmashauri ya kijiji lazima iridhie. Na kama ni nyumba ya ndoa, mke au mume wa muuzaji naye aulizwe.

Halafu kuvutana bei bado si kukubaliana. Umesema milioni 14, naye akajibu, "Sawa, ila umalize mwisho wa mwezi." Huyo hajakubali, ameleta pendekezo jipya, na sasa zamu ya kujibu ni yako. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mikataba kinataka ukubali moja kwa moja, bila "ila".

Najua mtaniambia wazee wetu waliuziana mashamba kwa neno tu na neno likasimama. Ni kweli, nakubali shingo upande. Lakini wazee walijuana mpaka koo zao, na aliyevunja neno alikutana na aibu yake kila siku kisimani na msibani. Mdogo wangu na yule bwana walijuana Jumapili moja, juani, dalali akiwaharakisha kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani.

Milioni 2 tunazidai, na kwa kuwa muuzaji habishi kwamba alizipokea, naamini zitarudi. Kiwanja hakirudi. Alikuwa ameshahesabu hadi tofali za msingi.

Jumamosi tunakwenda kuona kingine. Karatasi nimeshaichapa nakala tatu: majina, mipaka, bei, tarehe ya kumalizia, na mstari wa saini ya mwenye kiwanja. Nimemwambia mdogo wangu pesa ibaki benki mpaka mstari ule ujazwe, mbele ya macho yetu.